Hawakufungwa, hawakutoka sare, hawakualikwa: San Francisco Dons ya 1951

Msafiri wa Pasifiki

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimeishi San Francisco miaka minne, na jioni nikitoka kazini nilikuwa nakimbia uwanja wa Kezar, ule ulio pembeni ya bustani ya Golden Gate. Siku hizi ni uwanja mdogo tu, uko wazi kwa yeyote mwenye raba. Majukwaa ya zamani yalibomolewa mwaka 1989. Eneo la kuchezea limepewa jina la Bob St. Clair, nami nilizunguka pale miezi mingi bila kujua ni nani. Siku moja nikamuuliza mzee mmoja niliyezoea kumkuta akitembea taratibu na fimbo yake. Akasimama, akaanza kunihesabia majina kwa vidole: St. Clair, Marchetti, Matson, Toler. Alipofika kwa Toler alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nikasome mwenyewe.

Nimesoma, na nimekuja hapa jukwaani na habari ya Dons, timu ya mpira wa Kimarekani (ule wa kushikwa mikononi) ya Chuo Kikuu cha San Francisco, kwa sababu sijaona mtu aliyeisimulia kwa Kiswahili.

Chuo Kikuu cha San Francisco ni chuo cha Wajesuiti, kipo juu ya kilima karibu na Kezar. Miaka ile kilikuwa kidogo sana ukikilinganisha na jirani zake Stanford na California. Vita Kuu ya Pili ilikwisha 1945, na sheria ya mwaka 1944 ikawalipia karo askari waliorudi. Vyuo vikajaa wanaume waliokwisha kuona kifo kwa macho yao. Gino Marchetti alikuwa mmoja wao. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Italia, na yeye majira ya baridi ya mwisho ya vita alikuwa Ulaya na bunduki ya rashasha. Mtu wa namna hiyo akija kucheza mpira wa chuo, kocha humwambia nini cha kumtisha?

Kocha mwenyewe alikuwa Joe Kuharich, mtu mkali. Kabla ya msimu aliwapeleka kambini Corning, mji mdogo wa kaskazini mwa California ambako joto la kiangazi halina huruma, akawakimbiza mpaka wakatapika. Kikosini alikuwamo Bob St. Clair, jitu la futi 6 na inchi 9, aliyependa kula nyama mbichi na aliyekuja baadaye kuwa meya wa Daly City. Kwotabeki, yaani yule anayepokea mpira na kuugawa, alikuwa Ed Brown. Hata ofisi ya habari za michezo ya chuo ilikuwa na mtu wake: kijana wa miaka 25 aitwaye Pete Rozelle. Shikeni jina hilo.

Na walikuwamo weusi wawili. Ollie Matson alizaliwa Trinity, Texas, mwaka 1930, mkimbiaji wa ajabu. Burl Toler alitoka Memphis, Tennessee, naye kazi yake ilikuwa kuwaangusha wale waliokuwa wanakuja na mpira. Wote wawili walipitia kwanza City College ya hapo hapo San Francisco.

Nitaendelea. Kama kuna swali ulizeni, msisubiri mwisho.

---

Kiraka Namba 6

Mkuu nimevuta kiti. Ila tusaidie sisi wa soka la kawaida. Hao bingwa wao wanampataje? Wanacheza ligi nyumbani na ugenini, au vipi?

---

Msafiri wa Pasifiki

Kiraka, hapo ndipo shida yote ilipolala, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu.

Wakati ule hapakuwa na fainali ya kitaifa. Timu za vyuo zilikuwa mamia, kila moja ikicheza mechi tisa, kumi au kumi na moja msimu mzima, na ratiba unajipangia mwenyewe kwa kukubaliana na vyuo vingine. Bingwa wa nchi alitajwa kwa kura za waandishi wa habari na za makocha. Msimu ukiisha, zilibaki zile mechi za heshima za Mwaka Mpya, wao huziita bouli. Kila bouli iliendeshwa na kamati ya wakubwa na wafanyabiashara wa mji ule. Kamati ndiyo ilikuwa inachagua nani aje. Ukialikwa unapata jina, unapata na fedha nyingi za viingilio. Usipoalikwa, huna pa kukata rufaa.

Rose Bowl ya Pasadena ilikuwa California kwao kabisa, lakini tangu mkataba wa 1946 ilikuwa imefungwa: ni bingwa wa kanda ya Pasifiki dhidi ya timu ya Big Ten, kanda nyingine ya vyuo vikubwa. San Francisco hawakuwa wanachama wa kanda hiyo. Kwa hiyo timu huru kama yao ikitaka bouli kubwa ilibidi ielekee Kusini. Orange Bowl iko Miami, Sugar Bowl New Orleans, Gator Bowl Jacksonville. Na Kusini ya 1951 ni Kusini ya sheria za ubaguzi: mabasi, shule, hoteli, vyoo, vyote kwa rangi.

---

Mama Zawadi

Lakini Jackie Robinson si alikuwa ameshaingia kwenye besiboli?

---

Msafiri wa Pasifiki

Ndiyo dada, 1947. Na kwenye mpira wa kulipwa, NFL, Kenny Washington na Woody Strode waliingia 1946. Vyuo vya Kusini ndivyo vilivyobaki nyuma. Kulikuwa na desturi, wakiita makubaliano ya waungwana: timu ya Kaskazini ikienda kucheza Kusini, inamwacha mchezaji wake mweusi nyumbani ili wenyeji wasiudhike. Boston College, nacho chuo cha Wajesuiti, kilikuwa na kijana aitwaye Lou Montgomery. Cotton Bowl ya 1940 alikaa nje. Sugar Bowl ya 1941 alikaa nje tena. Wenzake wakacheza.

Naomba mlikumbuke hili la Montgomery. Huko mbele litatufaa.

Sasa msimu. Walianza kwa kuipiga San Jose State 39-2. Wakaenda Idaho wakashinda. Wakacheza na kikosi cha wanamaji cha Camp Pendleton, wakashinda bila kuruhusu alama hata moja. San Jose State tena, 42-7. Hizi sitakaa nazo sana.

Oktoba 20 walivuka nchi nzima kwenda New York kucheza na Fordham. Hii ndiyo mechi iliyokuwa muhimu kwao, kwa sababu waandishi wenye kura wengi walikuwa pande zile, na Rozelle alikuwa amehangaika kuwashawishi waje waione timu. Fordham hawakuwa wa mchezo. Matokeo yalikuwa 32-26. Mara mbili Fordham waliupiga mpira kwenda kwa San Francisco, mara mbili Matson aliudaka na kukimbia nao yadi 90 hivi mpaka mstari wa mwisho. Ukiondoa mbio hizo mbili, San Francisco wangekuwa wamefungwa.

Wakuu, Oktoba 20 hiyo hiyo, mchana ule ule, Drake ya Iowa ilikuwa Stillwater, Oklahoma, ikicheza na chuo cha Oklahoma A&M. Nyota wa Drake alikuwa kijana mweusi, Johnny Bright. Dakika za mwanzo kabisa, Wilbanks Smith wa Oklahoma A&M alimpiga usoni mbali na mpira, mpaka taya likavunjika. Wapiga picha wawili wa gazeti la Des Moines Register walikuwapo, picha zao zikaonyesha hatua kwa hatua, zikashinda tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Chuo kile kiliomba radhi mwaka 2005, Bright akiwa amekwisha kufariki.

Nimeliweka hili kwa sababu tukisema “Kusini hawakutaka wachezaji weusi” linasikika kama jambo la kwenye karatasi. Matson anakimbia New York watu wanasimama kumshangilia. Saa zile zile Bright anatema damu Stillwater.

---

Mpenda Takwimu

Mkuu nakufuatilia vizuri lakini nitaweka pingamizi mapema. Hao Dons walicheza na nani hasa? San Jose State mara mbili, kambi za jeshi mbili. Kura za mwisho za waandishi, zile za shirika la habari la AP, zinawaweka nafasi ya 14. Kamati ikimwacha namba 14 mwenye ratiba nyepesi si lazima iwe ubaguzi. Watu hupenda hadithi nzuri kuliko ukweli.

---

Msafiri wa Pasifiki

Mpenda Takwimu, pingamizi lako ni la haki na nafasi ya 14 ni kweli kabisa. Ratiba ilikuwa nyepesi, hata magazeti ya wakati ule yalilisema hilo. Ila ongeza haya kwenye hesabu yako.

Timu kubwa za jirani hazikuwaweka Dons kwenye ratiba zao. Chuo kidogo huwezi kumlazimisha mkubwa acheze nawe.

Pili, Novemba 17 walikwenda Stockton kucheza na College of Pacific, timu iliyokuwa inatajwa nayo kwa ajili ya bouli. Dons walishinda 47-14. Pacific waliopigwa hivyo walialikwa Sun Bowl ya El Paso, wakaenda, wakafungwa na Texas Tech 25-14. Na nao walikuwa na mchezaji mweusi, Eddie Macon, kwa hiyo sisemi kwamba kila mlango wa Kusini ulifungwa. Nasema ile mitatu mikubwa: Orange, Sugar na Gator. Rais wa kamati ya Gator Bowl, Sam Wolfson, ndiye aliyetajwa redioni San Francisco kuwa chanzo cha habari kwamba kamati hizo tatu hazitaki timu yenye weusi.

Tatu, tazama walivyofanya baadaye. Kutoka kikosi hicho kimoja walitoka wachezaji 9 waliocheza NFL, na watatu, Matson, Marchetti na St. Clair, wako kwenye Jumba la Magwiji la mpira wa kulipwa. Ratiba inaweza kumdanganya mwandishi wa kura ya Desemba. Haiwezi kumpa mtu miaka kumi na zaidi ya kuwapiga wanaume wa NFL.

Matson mwenyewe msimu ule alikimbia yadi 1,566, hakuna mchezaji wa chuo nchini aliyemzidi, akafunga na tachidauni 21, yaani mara 21 aliufikisha mpira mstari wa mwisho. Kwenye kura za Heisman, tuzo ya mchezaji bora, akawekwa wa tisa. Aliyeichukua ni Dick Kazmaier wa Princeton.

---

Mpenda Takwimu

Hiyo ya Pacific kwenda Sun Bowl sikuijua. 47-14 kisha aliyepigwa ndiye anayealikwa. Nimekuelewa, endelea.

---

Msafiri wa Pasifiki

Naendelea.

Baada ya Stockton, furaha ilikuwa kubwa. Kwa simulizi za wachezaji wenyewe, Kuharich aliwakusanya akawaeleza hali ilivyo. Orange Bowl inawafikiria. Nafasi ipo, kwa sharti moja: Matson na Toler wabaki nyumbani.

Walikataa. Marchetti, St. Clair, Brown na wenzao waliulizwa sana uzeeni kama walipiga kura, kama walikaa kikao, nani alisimama kwanza. Jibu lao lilikuwa lile lile: hapakuwa na cha kujadili. Wote au hakuna.

Mimi hapo hukaa nafikiri. Hawa walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, wengi watoto wa wahamiaji, wanajua kwamba mpira wa chuo chao unaendeshwa kwa hasara na fedha za bouli zingeweza kuuokoa. Wangeweza kusema maneno ambayo wengine walishayasema: tutacheza kwa niaba yenu, tutawaletea medali. Boston College walikuwa wamefanya hivyo miaka kumi nyuma, na hakuna aliyewalaumu hadharani. Njia rahisi ilikuwa imeshakanyagwa na kusawazishwa. Hawakuipita.

Wiki moja baadaye, Novemba 24, walicheza mechi ya mwisho dhidi ya Loyola, 20-2. Tisa kwa tisa. Mechi hiyo ilichezwa ndani ya uwanja wa Rose Bowl, Pasadena, na huko ndiko karibu zaidi walikofika na bouli yoyote. Mwaka Mpya Georgia Tech na Baylor wakacheza Orange Bowl.

Haukupita muda chuo kikatangaza kwamba timu imefutwa. Gharama zimezidi. Si wao peke yao: Saint Mary’s walikuwa wameshafuta baada ya msimu wa 1950, Loyola wakafuta baada ya 1951 hiyo hiyo, Santa Clara mwaka uliofuata. Vyuo vya Kikatoliki vya pwani ile vilianguka kimoja baada ya kingine. Viti vilikuwa vitupu, na watu wakaanza kukaa nyumbani na televisheni. Kwa hiyo sitasema Orange Bowl ndiyo iliyoua timu. Ilikuwa inaumwa tayari, na dawa iliyoletwa wakaikataa kwa sababu bei yake ilikuwa watu wawili.

---

Kiraka Namba 6

Mkuu hii imenikaa kooni. Matson na Toler walijisikiaje? Maana mimi ningekuwa mmoja wao ningewaambia nendeni tu.

---

Mama Zawadi

Kiraka, ungewaambia nendeni, kisha ungelala usiku ukingoja kuona kama watakwenda. Ndiyo maana ni vizuri hawakuachiwa wao waamue. Mimi ni mwalimu, nimeona watoto wakiambiwa “mwenzenu hana sare, asiingie,” na darasa zima likaingia likamwacha nje. Mtoto yule hasahau mlango ule mpaka anazeeka.

Msafiri, tuambie habari za huyu Toler. Mzee wako wa Kezar alinyamaza kwa sababu gani?

---

Msafiri wa Pasifiki

Mama Zawadi, asante kwa hilo la darasa.

Nianze na Matson ili nimalize kwa Toler. Kiangazi cha 1952 Matson alikwenda Olimpiki ya Helsinki. Alipata shaba mita 400, na fedha katika mbio za kupokezana vijiti, pale Jamaika walipowapita Wamarekani kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Kisha akaenda NFL kwa Chicago Cardinals, chaguo la tatu nchi nzima, yaani wa tatu kuitwa timu za NFL zilipochagua vijana wa vyuo. Mwaka 1959 Los Angeles Rams walimchukua kwa kubadilishana na wachezaji tisa. Mtu mmoja kwa tisa! Na meneja wa Rams aliyefanya biashara hiyo alikuwa Pete Rozelle, yule kijana wa ofisi ya habari. Mwaka uliofuata Rozelle akawa kamishna wa NFL nzima, akakaa mpaka 1989.

Toler. Waliocheza naye, akiwamo Marchetti, walisema huyu alikuwa katika wale bora kabisa wa timu. Cleveland Browns walikuwa wamemchagua. Lakini Agosti 1952, kabla hajacheza mechi hata moja ya kulipwa, aliitwa Chicago kwenye mechi ya nyota wa vyuo dhidi ya mabingwa wa NFL, Los Angeles Rams. Goti likaharibika, na hakucheza tena.

Fikirini. Alikosa bouli kwa rangi yake, timu yake ikafutwa, kisha goti. Yote ndani ya miezi tisa.

Alirudi San Francisco akawa mwalimu, shule ya kati ya Benjamin Franklin. Akapanda mpaka mwalimu mkuu, mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo katika shule za ngazi ya sekondari za mji ule. Leo majengo yale yana jina lake. Na mwaka 1965 NFL ikamwajiri kuwa mwamuzi, mweusi wa kwanza kabisa katika ligi hiyo, mwaka mmoja kabla Emmett Ashford hajaanza kuamua besiboli ya ligi kuu. Kazi yake ilikuwa mwamuzi mkuu wa mstari: anasimama pembeni mahali mpira unapoanzia, anatazama nani amewahi kuvuka, na anawasimamia wenye mnyororo wa kupimia yadi kumi. Neno lake likikwisha kusemwa, mpira unawekwa pale alipoonyesha. Siku tano shuleni na watoto, Jumapili uwanjani na majitu. Alifanya hivyo miaka 25.

Januari 1980 alipangiwa Super Bowl ya 14, fainali ya NFL, mweusi wa kwanza kuiamua. Uwanja ulikuwa Rose Bowl, Pasadena. Pale pale alipocheza mechi yake ya mwisho ya chuo. Na moja ya timu mbili zilizoingia ilikuwa Los Angeles Rams.

---

Mpenda Takwimu

Rams wale wale wa goti?

---

Msafiri wa Pasifiki

Wale wale. Walifungwa na Pittsburgh 31-19.

Toler alifariki Agosti 2009, Matson Februari 2011, St. Clair 2015, Marchetti 2019.

Na kwa aliyeuliza inboksi kama ile milango ya Kusini iliwahi kufunguka: Januari 1956, Bobby Grier wa Pittsburgh alicheza Sugar Bowl dhidi ya Georgia Tech, mweusi wa kwanza kwenye bouli ile. Gavana wa Georgia, Marvin Griffin, alitaka waziwazi Georgia Tech wasicheze. Wanafunzi wa Georgia Tech wenyewe waliandamana usiku kumpinga gavana, na mechi ikachezwa. Misimu minne tu baada ya Dons.

---

Kiraka Namba 6

Swali la mwisho mkuu. Hicho chuo si ndicho cha Bill Russell?

---

Msafiri wa Pasifiki

Ndicho. Mpira wa Kimarekani ulipofutwa, wakabaki na mpira wa kikapu. Mwaka 1955 na 1956 wakawa mabingwa wa nchi mfululizo, Russell na K.C. Jones wakiwamo, weusi kwenye kikosi cha kwanza, wakati timu nyingi bado zilikuwa zinawahesabu kwa kidole kimoja. Hiyo inataka uzi wake, na nitauleta.

Kuhusu yule mzee wa Kezar, Mama Zawadi, nilirudi baada ya kusoma. Nilimkuta kwenye kona ile ile. Nikamwambia nimesoma habari za Toler, goti na shule. Akaniuliza kama nimefika kwenye Super Bowl ya Pasadena. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akaniambia Toler alikuwa mwalimu mkuu wake, na kwamba Jumatatu zile, hata baada ya mechi za mbali, saa mbili kasoro asubuhi alikuwa amesimama mlangoni akiwaita watoto kwa majina.